Zana duni ni hasara kwa fundi na kwa umma

Yeyote aliyepata kusafiri kati ya Kasulu na Kibondo anajua kwamba katika nyanda za juu za Kigoma maisha ya watu yamo mikononi mwa makanika. Ingawa barabara kuu itokayo Nyakanazi kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imekuwa ikijengwa kwa lami, njia nyingi ziendazo vijijini, kwenye shule na zahanati, zingali za udongo. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali; wakati wa mvua magurudumu huzama. Nati hulegea, springi hukatika, na kila chombo, tangu pikipiki hadi gari la wagonjwa, hatimaye huingia gereji.

Hivi karibuni, katika gereji moja ya mjini Kibondo, nilimtazama kijana akifungua nati ya springi ya gari tulilosafiria. Aliivuta racheti yake kwa nguvu zote; kitu kikalia ndani yake, mpini ukaachia ghafla, na mkono wa kijana ukagonga chesisi. Alifunga kitambaa kwenye vidole vilivyochubuka, akaniambia: "Hii ni ya tatu mwaka huu, Mwalimu. Nanunua za rahisi kwa sababu za ghali siziwezi." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Je, ni kweli kwamba kijana yule hununua kwa rahisi?

Kwa asiyeijua, racheti ni mpini wa kukazia na kufungulia nati, unaopachikwa boksi za spana za ukubwa mbalimbali. Ndani ya kichwa chake mna gurudumu dogo la meno na kidole cha chuma kinachoyanasa meno hayo upande mmoja na kuyaachia upande wa pili. Kwa hiyo fundi huweza kuizungusha nati mahali penye nafasi finyu bila ya kuichomoa spana kila mara. Si chombo kipya: Mmarekani J. J. Richardson wa jimbo la Vermont alipata hati ya uvumbuzi wa zana ya namna hiyo mwaka 1863.

Ubora wa racheti hauonekani kwa nje, bali umo katika meno hayo yaliyofichwa. Hesabu yake ni ya darasani tu. Chukua mpini wenye urefu wa sentimita 25, na meno yaliyo sentimita moja na robo kutoka katikati ya gurudumu. Nguvu ya mkono huzidishwa mara 20. Fundi akivuta kwa uzito wa kilo 30, meno machache yaliyonaswa hubeba kilo 600. Akichomeka bomba ili mpini ufikie sentimita 75, meno yale yale hubeba kilo 1,800. Chuma kilichochanganywa na kutiwa moto ipasavyo huweza kustahimili kazi ya kawaida kwa miaka mingi. Chuma laini kilichopakwa rangi ya kung'aa huliwa kidogo kidogo, mpaka siku kinapoteleza na kuuacha mkono wa mtu ugonge chuma.

Tukizilinganisha racheti zinazouzwa, tunaweza kuzigawa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni la viwanda vyenye sifa ya siku nyingi, kama Stahlwille, Hazet na Gedore vya Ujerumani, Facom cha Ufaransa, na Snap-on cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1920. Racheti moja ya Snap-on ya nusu inchi huweza kuzidi dola 100 za Marekani. Kundi la pili ni la Taiwan, kama King Tony, Toptul na Force, ambazo aghalabu bei yake haifiki nusu ya hiyo. Kundi la tatu ni la majina ya China yaliyoenea katika maduka yetu ya vifaa, kama Ingco, Total na Tolsen, ambayo bei yake huweza kuwa sehemu ya kumi ya lile la kwanza. Kundi la nne ni la zana zisizo na jina, au zenye jina la kuibwa, na hizo ndizo rahisi kuliko zote.

Wapo watakaosema mara moja kwamba lililo ghali zaidi ndilo bora, basi na tununue hilo. Sikubaliani nao. Sifa kubwa ya kundi la kwanza ni dhamana: zana ikivunjika, mwenye kiwanda huibadilisha au kuitengeneza. Lakini dhamana hutegemea wakala. Ikiwa wakala huyo hayupo Kigoma, wala hafiki Kasulu, fundi wa Kibondo amelipia ahadi ambayo hataipata. Kadhalika, racheti nyingi za kisasa husifiwa kwa wingi wa meno. Ni kweli kwamba gurudumu la meno 24 hutaka mpini usogee nyuzi 15 kabla ya kunasa, la meno 36 nyuzi 10, na la meno 72 nyuzi 5 tu. Penye nafasi finyu, meno mengi ni faida. Hata hivyo, meno mengi ni meno madogo, na vumbi letu likichanganyika na grisi nzito hufanya uji unaokizuia kidole kukaa barabara. Kwa kazi nzito za springi na magurudumu, gurudumu la meno machache na makubwa halina aibu yoyote.

Kwa maoni yangu, fundi wa nyanda zetu anafaidika zaidi na zana ya daraja la kati ambayo kichwa chake hufunguliwa kwa skrubu, ikasafishwa kwa mafuta ya taa, ikatiwa mafuta mepesi, na ambayo gurudumu na kidole chake huuzwa peke yake kama vipuri. Racheti iliyozibwa moja kwa moja, hata ikiwa na jina kubwa, ikifa imekufa. Ile inayofunguliwa huweza kufufuliwa hapa hapa.

Sasa turudi kwenye hesabu ya kijana yule. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba racheti duni ni shilingi 12,000, naye hununua tatu kwa mwaka. Kwa miaka mitano atakuwa ametoa shilingi 180,000. Tuseme racheti ya daraja la kati ni shilingi 90,000, ikadumu miaka mitano, na mara moja ikatiwa vipuri vya shilingi 20,000. Jumla ni 110,000. Huyo aliyedhani ananunua rahisi amepoteza shilingi 70,000, mbali na siku alizokaa bila kazi kwa sababu ya kidonda, na mbali na nati za wateja zilizoharibiwa pembe. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba rahisi huvunja upishi.

Lipo pia tatizo la zana za bandia. Alama ya "Cr-V" hudai kwamba chuma kimechanganywa na kromiamu na vanadiamu, lakini nyundo ya kugongea alama hiyo haimuulizi mtu kama anasema kweli. Basi mnunuzi na aikague zana kwa mikono yake. Ageuze kichwa taratibu na kusikiliza: mlio uwe wa namna moja mzunguko mzima. Apachike boksi na kuitikisa: isicheze ovyo. Atazame kingo: rangi isiwe inabanduka. Atake risiti yenye jina la zana, maana muuzaji asiyetaka kuandika anachouza amekwisha kujishuhudia.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Sisi watumishi na walimu ndio tunaoandika mahitaji ya karakana za halmashauri, shule za ufundi na vyuo. Mara ngapi tumeandika "racheti, moja" na kuacha nafasi ya bei? Kwa maneno hayo mawili tumemfungulia mlango mwenye zana duni kuliko wote, na kumfungia mwenye zana imara. Halafu bei ya chini ikishinda, tunajisifu kwamba tumeokoa fedha za umma! Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inasisitiza thamani ya fedha, na thamani ya fedha si bei ndogo. Yapasa tuandike ukubwa wa pachiko, idadi ya meno, kwamba zana itimize kiwango cha kimataifa cha ISO 3315, kwamba vipuri vyake vipatikane, na kwamba muuzaji ataibadilisha ikivunjika kabla ya muda uliokubaliwa. Mistari mitano ya maandishi haimgharimu mtumishi kitu, bali huweza kuokoa gari la wagonjwa lisilale siku tatu likingoja nati moja.

Walimu wa ufundi nao wana wajibu wao. Mwanafunzi afundishwe kwamba racheti si nyundo, na haichomekwi bomba; nati iliyoshika kutu hulegezwa kwanza kwa mpini mrefu usio na meno, ndipo racheti ishike kazi yake ya kuzungusha. Zana bora mikononi mwa asiyejua huvunjika kama ile duni. Nalo Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, pamoja na Tume ya Ushindani yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia, visiishie bandarini na katika miji mikubwa. Bidhaa mbaya ikifukuzwa Kariakoo haipotei. Husafiri hadi mahali ambapo hakuna anayeikagua.

Najua jibu la kijana yule: shilingi 90,000 hana. Jibu hilo ni la kweli, na kumhubiria akiba mtu asiye na mtaji ni kumdhihaki. Lakini mafundi sita wa gereji moja wana uwezo ambao mmoja wao hana. Wakijiandikisha kuwa kikundi, vijana miongoni mwao wanaweza kuomba mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyowekwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wakinunua pamoja, wataagiza seti moja iliyo kamili, na vipuri vyake. Maofisa wa maendeleo ya jamii wa Kasulu na Kibondo wangefanya kazi ya maana kama wangelifikisha jambo hili kwenye magereji, badala ya kuwangoja mafundi wafike ofisini na mikono yenye grisi.

Kijana yule alimaliza kazi yake kwa racheti ya kuazima, tukaendelea na safari. Nilimlipa ujira wake, naye akaniaga kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa umevimba. Mkono ule ndio mtaji wake wote. Sisi tunaotia saini karatasi za manunuzi, na tunaofundisha wale watakaomfuata kazini, tusiuze mtaji huo kwa tofauti ya shilingi chache.