Matokeo ya utafiti yarudi kwa akina mama

Mwaka 2024 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapa matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo R21. Walishiriki watoto 4,800 hivi wa Burkina Faso, Kenya, Mali na Tanzania. Kwetu kituo kilikuwa Bagamoyo. Taarifa yenyewe ni ya Kiingereza na imejaa majedwali. Mama aliyempeleka mwanawe kuchomwa sindano ataisomaje?

Kwa maoni yangu, matokeo ya namna hii yarudi kijijini kwa picha za ukutani na filamu fupi ya Kiswahili, dakika mbili tatu, ya kutazamwa hata kwenye simu.

Lakini picha nayo huweza kudanganya. Mtoto anayecheka, sindano pembeni, humwambia mama kuwa malaria imekwisha, na chandarua kitageuka wavu wa dagaa (huku pwani tunayaona hayo). Katika vituo kama Bagamoyo, vilivyochanja bila kungoja msimu wa mvua, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 68 katika miezi 12 baada ya dozi ya tatu. Basi, kwa idadi sawa ya watoto, pale zinapochorwa homa 100 za wasiopata R21, zichorwe 32 za waliopata. Hizo 32 zisifichwe, na chandarua kionekane juu ya kitanda.

Kabla ya kuchapa, akina mama wa kliniki waonyeshwe. Wasiulizwe, "Mmeelewa?" Wote wataitikia ndiyo. Kila mmoja aeleze anachokiona.