Mteremko Haushukwi kwa Breki Peke Yake

Barabara itokayo Fort Portal kwenda Bundibugyo huuzunguka mlima Rwenzori upande wa kaskazini, kisha hushuka hadi bonde la Semliki. Fort Portal iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya bonde iko kwenye mita 700 hivi. Tangu njia hiyo ilipotiwa lami katika miaka ya 2010 safari imekuwa ya starehe, na hapo ndipo ilipo hatari. Changarawe ya zamani ilimlazimisha dereva aende polepole. Lami haimlazimishi mtu.

Siku moja tuliishuka njia hiyo ndani ya gari dogo la gia otomatiki, mojawapo ya yale yanayotufikia kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, hodari wa malori ya msafara. Mkono wa gia ulikuwa kwenye D tangu asubuhi. Katikati ya mteremko tulisikia harufu ya kitu kiunguacho, tukadhani ni tanuri la mkaa la wanakijiji. Kona mbili mbele, pedeli ya breki ilizama karibu na sakafu. Dereva aliliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likasimama huku magurudumu ya mbele yakitoa moshi. Tulipomuuliza kwa nini hakupunguza gia, alijibu: “Afande, gari hili halina gia. Lina breki tu.”

Jibu hilo halijatutoka akilini, kwa maana aliyelitoa si mzembe. Katika lori asingethubutu kushuka kwa gia ya juu. Sote tulipokuwa makadeti tulikaririshwa kwamba gia ya kupandia mlima ndiyo ya kuushukia. Kumbe palipoondolewa klachi, na fundisho lote likaondoka.

Gia zimo, ndugu msomaji. Mkono ukiwa kwenye D, mtambo hujichagulia gia, na mguu ukiondolewa kwenye mafuta aghalabu huchagua ya juu. Katika gia hiyo injini huzunguka taratibu na haiwezi kulizuia gari. Ukiushusha mkono hadi 3, 2 au L, magurudumu hulazimika kuizungusha injini kwa kasi, na kazi hiyo ndiyo inayolizuia gari. Penye kitufe cha O/D, kibonyezwe mpaka taa yake iwake. Magari mengine yana S au B, au alama ya kutoa na kujumlisha.

Tuupime mzigo wenyewe. Gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 500 hutoa nguvu itoshayo kuchemsha debe la maji la lita 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki, kama injini haisaidii, yote huwa moto ndani ya breki. Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka: aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi, lakini iliyokwisha nyonya maji yaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana pedeli huzama.

Gia ipunguzwe kabla ya mteremko kuanza, mwendo ukiwa mdogo, wala si katikati wakati gari limekwisha shika kasi. Breki ikanyagwe kwa nguvu kiasi, mwendo upungue, kisha iachiliwe ipoe; kuikanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakoiunguza. Injini itapiga kelele. Maadamu mshale wa mizunguko haujaingia eneo jekundu, kelele hiyo haina dhara. Waliomo katika msafara wakumbuke pia kwamba gari lizuiwalo na injini haliwashi taa nyekundu za nyuma.

Wapo wanaotia gari frii ili kuokoa mafuta. Hao hawaokoi kitu. Katika magari mengi ya kisasa ya petroli, gari likishuka ndani ya gia huku mguu umeondolewa, mtambo hukata mafuta kabisa. Likiwa frii, injini huendelea kunywa ili isizimike. Na azimaye injini kabisa huupoteza msaada wa breki baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito. Mwenye basi amwagizaye dereva wake kufanya hivyo anauza roho za abiria kwa bei ya lita moja.

Twawaomba wakuu wa shule za udereva na watahini wa leseni wamtake kila mwanafunzi aonyeshe, ndani ya gari atakaloliendesha, mahali pa kuuweka mkono wa gia kabla ya mteremko wa Buranga, wa Kanaba njia ya Kisoro, au wa Kapchorwa. Na kwa kuwa vitabu vya magari hayo mara nyingi ni vya Kijapani, waagizaji wangeweza kubandika maelezo mafupi karibu na mkono wenyewe kwa lugha isomekayo hapa.

Dereva wetu yule siku hizi hubonyeza O/D kabla ya kona ya kwanza, na abiria wakimlalamikia kelele ya injini huwaambia wafunge vioo.