Laptopu ya Kikundi: Tuipige Windows Mpya au Tuiache?



Vikundi vyetu vingi, vya kwaya na vya vikoba, vina laptopu moja kuukuu iliyonunuliwa mtumba, na nyingi bado zina Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka na kuchapa kama zamani, ndiyo maana wengi wanasema, "Mbona inafanya kazi? Tuiache tu."

Sisi hatukubaliani nao. Mtumbwi wenye ufa mdogo nao huelea. Anayelijua ziwa huuliza nani ataziba ufa huo kabla upepo haujaanza. Na tukumbuke kilichomo ndani ya laptopu: majina, namba za simu, hisa na mikopo ya akina mama wauza dagaa na wakulima wa mihogo. Hiyo ni amana. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mcha Mungu anajua mali ya jirani inavyotunzwa.

Hata hivyo, hatuwaungi mkono wanaokimbilia kwa fundi wakisema, "Nipigie Windows 11." Windows 11 inachagua mashine. Inataka RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, kinga iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine nyingi za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Soma namba yake: i5-8250U inakubalika, i5-7200U haikubaliki. Fundi anaweza kuilazimisha, lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyolazimishwa. Utakuwa umelipa fedha na ufa bado upo. Na Windows ya kuchakachua tusiiguse kabisa: ni wizi, na mara nyingi huja na virusi.

Katika Luka 14 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuketi.

Kwanza, kabla ya lolote, nakili mafaili yote kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili tofauti. Chapa pia daftari la hisa kwenye karatasi.

Pili, kama mashine inakubalika, pandisha. Kupandisha kutoka Windows 10 halali hakulipiwi, ila kunakula gigabaiti kadhaa za bando, hivyo ni afadhali kufanyia mahali penye intaneti nzuri.

Tatu, kama haikubaliki, Microsoft walifungua mpango wa ulinzi wa ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Jiandikisheni, na mwaka huo utumike kuchanga polepole kwa ajili ya mashine nyingine.

Nne, fedha zisipopatikana, ipo Linux Mint. Ni ya bure, ni halali, inapata masasisho, na hata mashine za zamani huibeba vizuri. LibreOffice iliyomo hufungua mafaili ya Excel. Itahitaji wiki chache za kuizoea, basi.

Jambo la mwisho ndilo tunalolisisitiza zaidi. Uamuzi huu usiachiwe katibu na fundi peke yao. Upelekwe kwenye kikao, uelezwe kwa Kiswahili chepesi, gharama itajwe, kila mwanachama aulize. Mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta anazijua hisa zake kwa shilingi, na ana haki ya kujua zinalindwa na nini.