Ridhaa Baada ya Kiyama: Dhidi ya Utetezi Mwepesi wa Mapenzi ya Giza

Riwaya ya mapenzi ya giza, hasa inayotungiwa mandhari ya dunia iliyokwisha kuangamia, ina maadui wavivu na marafiki wavivu. Maadui huitupa katika kapu la fasihi pendwa bila kuifungua. Marafiki hudai kwamba njozi si tendo, na kwamba msomaji anayefurahia kisa cha mtekaji na mtekwa anatumia tu uhuru wake. Pande zote mbili hukwepa swali la kihakiki: kwa nini mapenzi ya aina hii huhitaji kiyama?

Kiyama huondoa mashahidi. Mahakama zimebomoka, wazazi wamekufa, hakuna jirani wa kusikia yowe; aliyebaki na chakula na silaha ndiye huyo huyo anayetaka kupendwa. Hapo "ndiyo" haina uzito, maana "la" ingegharimu uhai. Riwaya dhaifu huificha gharama hiyo. Humpa mtekaji sura nzima nzima za kueleza upweke na majeraha yake, hata msomaji akamsamehe kwa niaba ya mtu ambaye hakuulizwa.

Octavia Butler (1947–2006), mwandishi Mweusi wa Marekani, hakuificha. Katika Dawn (1987), vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia, na Lilith Iyapo anazinduka ndani ya chombo cha Oankali, viumbe wa anga waliowaokoa wanadamu wachache na kuwaweka kifungoni. Bei ya uokozi ni kuchanganya vizazi. Baina ya Lilith na mpenzi wake, Joseph Shing, anaingia Nikanj, ambaye ni ooloi, yaani jinsi ya tatu ya Oankali, naye huwaletea raha isiyo na mfano. Joseph anapokataa, Nikanj hushikilia kwamba mwili umekubali ingawa kinywa kinakana. Baadaye Joseph anauawa na mwanadamu mwenziwe. Mwishoni Lilith anaarifiwa kwamba tayari ana mimba, iliyoundwa kwa mbegu ya marehemu na kuchanganywa na asili ya Oankali. Hakuulizwa. Kwa hoja ya Nikanj, alikuwa tayari, ila asingeweza kulitamka.

Tangu Donna Haraway alipoijadili riwaya hii katika Primate Visions (1989), wapo wahakiki walioisifu kama sherehe ya uchotara, kuvunjwa kwa mipaka ya jinsi na mbari. Usomaji huo una ukweli wake, lakini huipitia tamati kwa haraka ya ajabu. Lilith hasherehekei, anamwona mtoto aliye tumboni kama kitu kisicho binadamu. Kuuita mwisho huo ukombozi ni kurudia hoja ya Nikanj kwa istilahi za chuo kikuu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya mwaka 2006 huipima ridhaa kwa uhuru na uwezo wa mtu kuchagua, na ni kejeli kwamba wahakiki wa fasihi waridhike na kipimo kilicho chini ya hicho.

Hoja yenyewe imo katika fani. Dawn husimuliwa katika nafsi ya tatu inayomwandama Lilith peke yake. Nikanj huzungumza sana, na huzungumza vizuri, ila msomaji hafunguliwi mlango wa moyo wake. Kwa hiyo kila neno lake tamu linabaki neno la mwenye funguo. (Kiingereza cha Butler humtaja ooloi kwa kiwakilishi cha kitu. Kiswahili kina a- ile ile kwa Lilith na kwa Nikanj. Mfasiri atakayemweka katika ngeli hiyo atakuwa amemfanya mtu wa kuwajibika.)

Katika riwaya ya tatu, Imago (1989), Butler anahamisha usimulizi. Sasa anayesema "mimi" ni Jodahs, mtoto wa Lilith, naye ni ooloi. Anahitaji wenzi wa kibinadamu ili mwili wake utulie; anawapata Jesusa na Tomás, ndugu wawili wenye maradhi ya kurithi, anawaponya, na harufu yake inawafunga kwake. Tendo ni lile la Dawn, lakini ladha imebadilika kabisa. Uhitaji wa Jodahs huonekana wa kuhurumiwa na subira yake ya kupendeza, na msomaji hujikuta akitamani afanikiwe. Haijabadilika siasa ya tendo, amebadilika msimulizi.

Anayetaka kuyatetea mapenzi ya giza mbele ya jopo la uzamili na aanzie hapo. Aeleze furaha aliyoipata katika Imago aliinunua kwa ridhaa ya nani, kisha arudi kwenye ukurasa wa mwisho wa Dawn na kuusoma mbele ya wote.