Kichwa si Ngoma

Haifai kwa watu wacha Mungu, wanaojua kwamba mwili ni amana na kwamba mwenye kupewa amana ataulizwa, kumshangilia bondia aliyekwisha kupepesuka na kumwita shujaa kwa sababu tu amekataa kuanguka. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru ndio hao wanaolipa kiingilio, wakapiga vifijo kila kichwa kinapotingishika, kisha wakarudi makwao kulala salama.

Madhara yake hayakufichika. Mwaka 1928 Harrison Martland, daktari wa New Jersey huko Marekani, aliandika juu ya mabondia waliotembea kama walevi. Na maradhi hayo, ambayo wataalamu huyaita ensefalopathi sugu ya kiwewe, yaani kuharibika kwa ubongo polepole kutokana na kupigwapigwa kichwa, huambatana na protini iitwayo tau inayorundikana ndani ya seli za neva, hata kumbukumbu ikapotea na hasira zikazidi. Wala si lazima mtu azimie, kwa kuwa vipigo visivyomwangusha navyo hujumlishana, haba na haba hujaza kibaba, na ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa hakika baada ya mgonjwa kufa.

Wala maradhi hayo si ya mabondia peke yao. Mwana wa Nigeria, Daktari Bennet Omalu, anayestahili heshima ya kila Mwafrika, aliuchunguza mwaka 2002 huko Pittsburgh ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kimarekani aliyekufa akiwa na miaka 50, baada ya kufikia hali ya kulala garini. Kwa macho ubongo ule ulionekana mzima. Omalu hakuridhika, akagharimia mwenyewe ukatwe vipande vyembamba na kutiwa rangi, na darubini ikaionyesha tau. Alipochapisha habari hizo mwaka 2005, madaktari wa ligi ya mchezo huo walidai makala yake ifutwe. Sikio la kufa halisikii dawa, na lililozibwa kwa fedha ndilo gumu zaidi, kwani ni mwaka 2016 ndipo afisa wa ligi hiyo alipokuja kukiri kwamba mchezo huo una uhusiano na maradhi hayo.

Wapenzi wa soka nao wasijione wamesalimika. Jeff Astle wa West Bromwich Albion, bingwa wa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59 kwa ugonjwa huohuo, na Uskochi mwaka 2020 ilikataza watoto wa chini ya miaka 12 kufunzwa kupiga kichwa mazoezini. Basi kocha amtoapo kijana aliyegongwa kichwa, wazazi na mashabiki, ambao wengi wao ni watu wema wenye huruma, wasimzomee, na kijana asirudi uwanjani mpaka daktari amruhusu, hata kama kombe litapotea.