Chanjo Inafika Kijijini, Mtaalamu wa Mazoezi Hafiki. Kwa Nini?

Leo hina na mapambo ya ukumbi tunaviweka pembeni. Tuna neno, na hatutalipaka asali.

Wapo wenzetu walioolewa bara, wakawafuata waume zao wafanyabiashara hadi Tunduma, mpakani na Zambia, kule malori yanakopanga foleni. Mjini utapata kila kinachouzika. Lakini toka hapo uelekee Kamsamba, bonde la Ziwa Rukwa, au upande milima ya Ileje, kisha ujaaliwe mtoto aliyechelewa kulia. Miezi sita, shingo haijakaza. Mwaka, hajakaa. Hapo ndipo maneno huanza: mkosi, jini, ukoo wa mama yake.

Mtindio wa ubongo si laana. Ni ubongo ulioumia: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alipata manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali. Mume anayemwacha mkewe kwa hilo asitutajie dini. Katika Sura ya Abasa, Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikumbushwa na Mola wake kwa kumgeuzia uso kipofu. Sisi ni nani hata tumfiche mtoto chumba cha uani?

Sasa tuje kwa wenye mamlaka. Ubongo ulioumia haurudi ulivyokuwa, lakini mwili unafundishika. Mtoto huyu anataka mazoezi ya viungo kila siku. Akiyakosa, misuli hukaza, goti hugoma kunyooka, nyonga huteguka, na aliyekuwa akaweza kukaa huishia kulala. Mwenye nyayo zilizopinda naye hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa wiki kadhaa. Akianza mapema, wengi huepuka upasuaji mkubwa.

Kila wiki! Mama wa Momba anaambiwa aende Mbeya, mtoto mgongoni, nauli mfukoni hana, na waliobaki nyumbani hajui wamekula nini. Anakwenda mara mbili, ya tatu anashindwa. Kisha anaitwa mama mzembe. Huo ni uonevu.

Mbona chanjo inafika? Kila mama anaijua huduma ya mkoba: muuguzi anapanda pikipiki na kasha lake la barafu, anakaa chini ya mwembe, watoto wanapimwa uzito na kuchanjwa. Chanjo inayoharibika kwa joto imefika; mtaalamu wa mazoezi, asiyehitaji barafu wala umeme, anashindwaje? Mpandisheni kwenye safari ile ile!

Watasema wataalamu ni wachache. Kweli, na ndiyo sababu wazunguke. Akikaa ofisini anawahudumia waliomudu nauli tu. Akifika kijijini hata mara moja kwa mwezi, anamfundisha mama, bibi na mhudumu wa afya wa jamii namna ya kumlaza mtoto, kumkalisha na kumnyoosha. Siku zilizobaki, kazi inafanyika mkekani. Na plasta zibadilishwe hospitali ya wilaya, si mkoa wa jirani. Songwe ni mkoa kamili tangu 2016, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Sheria isiyofika Kamsamba ni karatasi.

Tusijitoe na sisi visiwani. Sare tatu kwa harusi moja, na nguo yenyewe haivaliwi tena! Hatusemi msifurahi. Tunasema sare moja ipungue, na fedha yake ikawe nauli ya mama mmoja, au mbao za kiti cha mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe. Huna haja ya kwenda Songwe kumtafuta; mtaani kwako yupo, nyuma ya pazia.

Nawe bi harusi mtarajiwa, umeshauliza mahari, umeuliza nyumba. Muulize na hili kabla ya nikaha: Mungu akitujaalia mtoto mwenye ulemavu, utakuwa na sisi? Sikiliza atakavyojibu, na mtazame machoni.

Allah awape wepesi mama wote wanaobeba. Nasi tusiwaache wabebe peke yao.