Ibada za Msiba Usambara: Kila Moja na Kazi Yake

Ibada ya kumuenzi marehemu hulenga mojawapo ya mambo matatu: kumwombea aliyekufa, kuwafariji waliobaki, au kuutengeneza upya ukoo uliopungukiwa na mtu. Katika milima ya Usambara yote matatu hukutana ndani ya kijiji kimoja, mara nyingi ndani ya familia moja. Uislamu ulipanda mlimani kutoka pwani pamoja na biashara, wamisionari wa Betheli wakafungua kituo Mlalo mwaka 1891, Wakatoliki wakajenga Gare, na matambiko ya Washambaa hayakukoma. Husemwa sana kwamba ibada zote ni zilezile, tofauti ni maneno tu. Usemi huo una nia njema lakini si kweli, na ndio unaozaa manung'uniko msibani, kila upande ukimpima mwenzake kwa kipimo kisicho chake.

Mazishi ya Kiislamu hueleweka vibaya kwa sababu ya kasi yake. Mtu akifariki alfajiri, kwa kawaida alasiri ameshazikwa. Maiti huoshwa, hukafiniwa kwa sanda nyeupe, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, kisha huswaliwa. Swala ya jeneza haina rukuu wala sijida. Takbira ni nne: baada ya kwanza husomwa Fatiha, baada ya pili huswaliwa Mtume, baada ya tatu marehemu huombewa msamaha, na ya nne hufuatwa na dua fupi na salamu. Ni faradhi ya kutosheleza: wakiitekeleza baadhi, wengine wamesameheka, ikiachwa kabisa, mji mzima una dhambi. Kaburini maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kutoka Lushoto Makka iko kaskazini, hivyo urefu wa kaburi hukaa mashariki na magharibi, hata pale mteremko unapowalazimu wachimbaji kusawazisha ardhi kwanza. Jeneza lililombeba marehemu hurudishwa msikitini likamngoje mwingine. Jirani Mkristo akiona hakuna wasifu uliosomwa wala sanduku lililozikwa, asidhani marehemu amedharauliwa. Kuharakishwa ni haki yake.

Mjadala huanza baada ya kuzika. Kwa desturi ya pwani, hitma husomwa siku ya tatu na familia nyingi hurudia siku ya arobaini: juzuu 30 za Kurani hugawiwa waliohudhuria, kila mmoja akasoma yake, ili msahafu mzima umalizike kwa kikao kimoja na thawabu ziombwe zimfikie marehemu. Waislamu wanaoipinga arobaini wana hoja mbili: kwamba Mtume hakuifanya, na kwamba karamu yake inawaelemea wafiwa. Hoja ya pili ina uzito hata kwa asiyeikubali ya kwanza. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muuta, Mtume aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Familia inayokopa ili ichinje ng'ombe wa arobaini imeipindua sunna hiyo juu chini.

Ibada ya Kilutheri ina mwelekeo mwingine kabisa. Luther na wenzake wa karne ya 16 walizikataa misa za kuwatoa wafu toharani, na kwa msingi huo mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hasimami kaburini kumwombea marehemu abadilishiwe hukumu. Anahubiri, kwaya inaimba, wasifu unasomwa, kwa sababu wanaosemeshwa ni walio hai. Hata ibada ya kuweka msalaba, inayofanyika baadaye, ni ya shukrani. Wakatoliki, kinyume chake, huadhimisha Misa kwa ajili ya marehemu, na tarehe 2 Novemba huwaombea wote. Waanglikana wa Magila, chini ya milima, waliopokea dini kwa wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, nao huwaombea wafu, jambo linalowashangaza wanaodhani Waprotestanti wote ni wamoja.

Tambiko la Kishambaa halimwombei marehemu. Linazungumza naye, kwa kuwa mzimu bado ni mwanaukoo mwenye haki na madai. Mfano mkubwa ni wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa zamani. Mfalme alipofariki Vugha, makao makuu yao, kifo chake kilifichwa hadi mrithi aletwe, na kwa desturi alitoka Bumbuli. Kuzika na kutawaza vilikuwa tendo moja, kwa sababu mvua na uzima wa nchi vilishikwa na mfalme, na nchi isingeweza kukaa hata siku moja bila mwenyewe. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862 na urithi ukagombaniwa, ufalme wote uliingia vitani.

Kinachowaunganisha watu wa milimani msibani ni kazi inayozizunguka ibada. Kuchimba kaburi, kuteka maji, kuleta kuni, kulala kwa mfiwa na kuandika rambirambi daftarini hakuna dini. Mwili ukitoka Dar es Salaam, watakaoupokea na kuubeba mabegani kwenye njia za miguu ni majirani wote. Hapo Mwislamu na Mlutheri hushika jeneza moja bila kuulizana. Kuswali, kuhubiri na kutambika ndiko kunakotaka mwenye elimu yake, na mgeni hapaswi kulazimishwa wala kuingilia.

Wazee wenye watoto wa dini tofauti waseme mapema, mbele ya mashahidi, wazikwe kwa ibada ipi, na watoto wauheshimu usia huo hata kama wao wangechagua nyingine.